Sindano mpya za kipandauso: je, niuze kiwanja?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Kichwa kilinianza nikiwa sekondari. Siku hizi kinanishika siku kumi hadi kumi na mbili kwa mwezi, mara nyingi upande wa kushoto. Kinadunda, natapika, na mwanga wa jua pamoja na kelele za darasani vinakuwa kama vinanichoma. Nimetibiwa malaria mara nyingi mno. Presha iko sawa. Nilifanyiwa kipimo cha CT wakasema hakuna kitu. Ninakunywa Panadol na diklofenaki, na kwa miezi ya karibuni ni karibu kila siku. Kuna daktari aliwahi kunipa propranololi, nikaacha baada ya wiki mbili kwa kuwa sikuona nafuu. Sasa kaka yangu aliyeko Toronto anasema kuna sindano mpya ya kila mwezi inayoponya kipandauso kabisa, na yuko tayari kuniletea akija Desemba nikichangia fedha. Nina kiwanja, nafikiria kukiuza. Lakini mwalimu mwenzangu anasema dawa hizo ziliharibu maini ya watu na kwamba bado ni za majaribio. Nifanye nini? Na kwa nini ugonjwa wa zamani hivi dawa yake ije leo?"*

Marahaba, mwalimu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. La kiwanja naanza nalo kwa kuwa ndilo lenye haraka: usikiuze. Sindano anazozisema kaka yako zipo kweli na zimewasaidia watu wengi. Hata hivyo, barua yako yenyewe inaniambia kwamba kichwa chako bado hakijatibiwa ipasavyo kwa dawa zinazopatikana hapo hapo Tanga, na kwamba dawa za maumivu unazokunywa sasa huenda ndizo zinazokiongezea siku. Nitafika huko. Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana bila hivyo habari za sindano hazitakaa sawa.

Ulipoambiwa "hakuna kitu" baada ya CT, naamini ulirudi nyumbani ukijihisi kama mtu aliyeshukiwa kudanganya. Wagonjwa wangu wengi huniambia hivyo. Kipimo kile kinaonyesha umbo la ubongo: kama kuna uvimbe, damu iliyovuja, au maji yaliyojaa. Hakionyeshi namna ubongo unavyofanya kazi. Piga picha ya king'ora cha benki. Kwenye picha hutajua kama kinalia bila mwizi kuingia. Kipandauso ni king'ora cha namna hiyo. Ni ugonjwa wa mfumo wa neva, mara nyingi hurithiwa ndani ya familia, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Duniani watu wanaokadiriwa kufika bilioni moja wanao. Kwa hiyo huna ugonjwa wa ajabu, wala hujarogwa, wala hukosi uvumilivu.

Malaria nayo inauma kichwa, hilo kila mtu wa pwani analijua. Lakini malaria huja na homa, huonekana kwenye kipimo, na ikitibiwa huondoka. Haimfuati mtu upande mmoja wa kichwa, siku kumi kwa mwezi, tangu sekondari. Kuanzia leo usimeze dawa ya malaria bila kipimo kilichosoma kwamba unayo. Na presha ya kawaida ya kupanda kidogo haiumi kichwa kwa namna hii. Hata ingekuwa juu kiasi, bado tungetafuta sababu nyingine ya maumivu yako.

Sasa tuingie ndani. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachosikia ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyopita kwenye utando huo, na habari zake hupelekwa na neva moja kubwa inayoitwa trijemina, ile ile inayohisi uso, meno na macho. Ndiyo maana kichwa chako kinaweza kuanzia nyuma ya jicho, au ukadhani ni jino. Shambulio linapoanza, ncha za neva hii humwaga kemikali kadhaa kwenye utando. Iliyo muhimu kuliko zote katika habari yetu inafahamika kwa herufi nne, CGRP. Ni kipande kidogo cha protini chenye amino asidi 37. Kazi yake ni kutanua mishipa ya damu na kuiamsha neva, kuifanya iwe nyepesi kuhisi. Neva iliyoamshwa hivyo huhisi hata lisilotakiwa kuhisiwa: mapigo ya kawaida ya damu, ambayo mimi na wewe hatuyasikii siku nyingine, yanageuka kuwa nyundo. Hapo ndipo unaposema kichwa kinadunda. Ujumbe huo ukifika kwenye shina la ubongo huamsha pia sehemu za kichefuchefu, na ubongo mzima unakuwa kama umevuliwa ngozi: mwanga unachoma, harufu ya kitunguu inachefua, sauti ya kengele ya shule inakuwa adhabu.

Kwa nini dawa yake ichelewe? Kwa sababu kwa muda mrefu sana tulitibu kipandauso kwa dawa za kuazima. Ergotamini, iliyopatikana mwaka 1918 kutoka kwenye kuvu wa nafaka, ilitumika kwa kubana mishipa ya damu. Propranololi ilitengenezwa kwa ajili ya moyo. Katika miaka ya 1960 ikagundulika kwa bahati kwamba mgonjwa wa moyo aliyeitumia alipata nafuu ya kichwa. Amitriptilini ilitoka kwenye matibabu ya sonona. Topiramati ilitoka kwenye kifafa. Zote husaidia, na nyingine nitakushauri hapa chini, lakini hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili yako. Dawa ya kwanza kubuniwa mahususi kwa shambulio la kipandauso ni sumatriptani, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Ya kuzuia mashambulio yasitokee kabisa, iliyobuniwa kwa ugonjwa huu na si mwingine, tuliisubiri hadi 2018.

CGRP yenyewe iligunduliwa mwaka 1982 na watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza jeni ya homoni nyingine kabisa. Hawakuwa wakitafuta dawa ya kichwa. Ni Lars Edvinsson wa Sweden na Peter Goadsby wa Australia walioifuata kichwani. Mwaka 1990 walichapisha kipimo ambacho mimi huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka kwa jinsi kilivyo rahisi na cha werevu: walichukua damu ya wagonjwa wakati kichwa kinawauma, kutoka kwenye mshipa wa shingoni unaoteremsha damu ya kichwani, na pia kutoka mkononi. Damu ya shingoni ilikuwa na CGRP nyingi kupita kawaida. Ya mkononi haikuwa nayo. Baadaye wakaonyesha kwamba sumatriptani ikituliza kichwa, CGRP nayo inashuka. Mwaka 2002 timu ya Jes Olesen huko Copenhagen ikafanya kinyume chake: iliwapa watu wenye kipandauso, kwa ridhaa yao, CGRP kupitia mshipa, na wengi wao wakapata kichwa kinachofanana na kile wanachokijua. Hapo mshukiwa akawa amekamatwa. Mwaka 2004 wakathibitisha kwamba ukiizuia CGRP, shambulio linatulia.

Ukisoma hivi unaweza kuuliza: kutoka 2004 hadi 2018, walikuwa wanangoja nini? Mwenzako shuleni amegusa sehemu ya jibu. Dawa ya kwanza ya vidonge katika kundi hili la kuizuia CGRP, telkajepanti, ilifanya kazi vizuri kwa kichwa. Lakini baadhi ya waliopewa kila siku walionekana kupanda vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Kampuni ikaacha kuiendeleza mwaka 2011. Kwa hiyo alichosikia mwenzako ni cha kweli, ila kinahusu dawa ambayo haikuwahi kufika dukani. Mimi habari hiyo inanipa imani zaidi na dawa zilizofuata. Ile iliyokuwa na kasoro ilikamatwa kwenye majaribio na ikazuiliwa huko huko.

Kuna kisa kingine katika historia hii kinachoeleza kwa nini hatuwezi kuruka majaribio. Ncha za neva zinapomwaga CGRP humwaga pia kemikali iitwayo dutu P. Wataalamu wengi waliiamini hiyo kuliko CGRP. Dawa za kuizuia zilifanya kazi vizuri kwa wanyama wa maabara, zikapelekwa kwa watu wenye kipandauso, na zikashindwa. Moja ya familia hiyo ya dawa leo inatumika kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani, ambako inasaidia kweli. Kwa kichwa, hakuna kitu. Wangetegemea maabara peke yake, leo tungekuwa tunauziwa dawa isiyofanya kazi.

Basi watengenezaji wakaja na njia nyingine: kingamwili. Mwili wako hutengeneza kingamwili kushika vijidudu. Hizi hutengenezwa kiwandani ili zishike CGRP, au zizibe kipokezi chake, yaani tundu la kufuli ambamo CGRP huingia kama ufunguo. Ya kwanza, erenumabu, iliidhinishwa Marekani Mei 2018, inaziba tundu. Fremanezumabu na galkanezumabu zikafuata mwaka huo huo, nazo zinaushika ufunguo wenyewe. Eptinezumabu, inayotiwa kwenye mshipa kila miezi mitatu, ikaja 2020. Kingamwili ni molekuli kubwa inayokaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana sindano moja hutosha mwezi. Haina uhusiano na chanjo, ingawa nimesikia ikiitwa hivyo: haiufundishi mwili wako chochote, na ikiisha imeisha. Kutoka 1982 hadi 2018 ni miaka 36, mwalimu. Umri wako wewe. Edvinsson, Goadsby, Olesen na mtafiti mwenzao wa Marekani, Michael Moskowitz, walitunukiwa Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2021 kwa kazi hiyo, na walistahili.

Sasa neno la kaka yako, "inaponya kabisa". Hapa ndipo nataka usome polepole. Katika jaribio kubwa la erenumabu lililochapishwa 2017, watu 955 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata dawa, wengine sindano inayofanana nayo isiyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua amepata ipi. Kwa wastani walianza na siku nane na kidogo za kipandauso kwa mwezi. Waliopata kipimo kikubwa cha dawa walipunguza siku 3.7. Waliopata sindano tupu walipunguza siku 1.8. Waliopunguza siku zao kwa nusu au zaidi walikuwa 50 kwa kila 100 kwa waliopata dawa ya kipimo kikubwa, na karibu 27 kwa kila 100 kwa waliopata sindano tupu.

Kwa hiyo inasaidia, hakuna ubishi. Nusu ya watu kupata nafuu ya nusu ni jambo kubwa. Mtu aliyekuwa akipoteza siku nane akipoteza nne, hizo nne alizorudishiwa ni maisha yake. Wachache hupata nafuu ya ajabu hadi wakalia machozi. Lakini nusu nyingine haifikii hapo, na wengi wakiacha sindano, kichwa hurudi taratibu. Hakuna dawa leo, ya zamani wala mpya, inayoponya kipandauso moja kwa moja. Anayekuambia vinginevyo, hata akiwa anakupenda kama kaka yako anavyokupenda, amechanganya kutulia na kupona.

Kitu ambacho sindano hizi zimeshinda waziwazi ni kuvumilika. Katika jaribio la Ujerumani lililozilinganisha ana kwa ana, waliolazimika kuacha dawa kwa sababu ya madhara walikuwa karibu 39 kwa 100 kwenye topiramati, na karibu 11 kwa 100 kwenye erenumabu. Ndiyo maana chama cha wataalamu wa kichwa cha Marekani kilisema mwaka 2024 kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuanzwa moja kwa moja, bila kumlazimisha mgonjwa ashindwe kwanza na za zamani. Kwa nchi yenye bima inayolipa, nakubaliana nao.

Madhara yake yapo: choo kigumu, wakati mwingine kigumu kwelikweli, hasa kwa erenumabu, maumivu na wekundu palipochomwa, mzio kwa wachache, na kwa baadhi presha kupanda. CGRP ina kazi njema pia, hutanua mishipa inapobanwa, kwa hiyo kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi huwa nasita. Kwa ujauzito hatuzitumii, na kwa kuwa hukaa mwilini miezi, anayepanga kubeba mimba huacha karibu miezi mitano au sita kabla. Je, bado ni majaribio? Hapana, zimeidhinishwa na zinatumika. Ila majaribio yake mengi yalifanyika Ulaya na Amerika Kaskazini, na Waafrika waliokuwemo ni wachache. Hili linaniuma. Vichwa vyetu vinauma sawa na vya wengine, na tunastahili kuhesabiwa dawa inapopimwa, si inapouzwa tu.

Turudi kwenye kiwanja. Erenumabu ilipoingia sokoni Marekani bei yake rasmi ilikuwa dola 6,900 kwa mwaka. Kiwanja huuzwa mara moja. Sindano hununuliwa kila mwezi. Ukiuza, utapata labda mwaka mmoja au miwili ya dawa, kisha kichwa kitarudi na kiwanja hakipo. Halafu kuna safari yenyewe. Dawa hizi hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Nje ya jokofu huvumilia siku chache tu, tena chini ya nyuzi 25 au 30 kutegemea aina. Toronto hadi Tanga kwenye sanduku, Desemba, na joto letu la pwani! Inaweza kufika ikiwa inaonekana safi kabisa na ndani imeshaharibika, na wewe hutakuwa na njia ya kujua. Na hakuna daktari atakayekuwa amekupima presha wala kukuuliza kuhusu ujauzito kabla ya kujichoma.

Sasa lile nililosema nitalifikia. Unakunywa Panadol na diklofenaki karibu kila siku. Mtu mwenye kipandauso akitumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo wake hubadilika na kuanza kuumwa kwa sababu ya dawa hizo hizo. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, au kwa ergotamini, sumatriptani au tramadoli, siku 10 tu zinatosha. Dawa inapopungua mwilini kichwa kinarudi, unameza tena, na duara linafungwa. Barua yako inasema "kwa miezi ya karibuni ni karibu kila siku", na mimi nashuku ndiyo miezi hiyo hiyo siku za kichwa zilipoongezeka. Zaidi ya hapo, diklofenaki ya kila siku inachubua tumbo na kuumiza figo. Hili ndilo la kushughulikia kwanza, na halihitaji hata shilingi.

Kuacha si rahisi. Kwa dawa ulizotaja, daktari huwa anaweza kuzisimamisha au kuzipunguza haraka, huku akikuanzishia dawa ya kuzuia. Siku za mwanzo, pengine wiki moja au mbili, kichwa kitazidi kabla hakijapungua. Panga hilo liangukie likizo, na uwaambie nyumbani mapema ili mtu mwingine ashike watoto. Baada ya hapo dawa za maumivu ziwe siku mbili kwa wiki, zisipite.

Halafu propranololi. Uliiacha baada ya wiki mbili. Mwalimu, hapo hujashindwa na dawa, hujaijaribu bado. Dawa za kuzuia kipandauso huhitaji angalau wiki nane kwenye kipimo kinachotosha ndipo tuzihukumu, na kipimo huanza kidogo kikapandishwa taratibu. Sikulaumu, maana inaelekea hakuna aliyekuambia. Kama huna pumu, propranololi ningeirudia. Ukiwa na pumu usiiguse. Amitriptilini usiku ni chaguo jingine zuri na la bei nafuu, hasa kama usingizi wako ni mbaya. Hukausha mdomo na kuleta uzito asubuhi, kwa hiyo huanza na miligramu 10. Topiramati nayo husaidia, lakini kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, hiyo na valproati, dawa nyingine ya kifafa, ni hatari kwa mtoto tumboni, valproati hasa. Kwako valproati nisingeiandika kabisa.

Kwa siku ya shambulio lenyewe, ujanja ni kuwahi na kumeza kipimo kamili. Wengi hungoja "kione kwanza kama kitazidi", kisha humeza wakati tumbo limeshafunga na dawa hainyonywi. Aibuprofeni ya kipimo kamili mwanzoni mwa maumivu, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, huwasaidia wengi kuliko vidonge vitano vilivyotawanywa kutwa nzima. Ikishindikana, muulize daktari kuhusu sumatriptani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Ergotamini isikushawishi kwa kuwa inauzwa kirahisi, na kama wewe au ndugu yeyote anatumia ARV zenye ritonaviri, asiimeze hata siku moja: mchanganyiko huo hubana mishipa ya damu hadi vidole vinakufa.

Swali ambalo hukunijibu kwa kuwa sikukuuliza: kabla ya kichwa, huwa unaona miale au mistari ya kupindapinda inayometameta machoni kwa dakika kadhaa? Kama ndiyo, na kama unatumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii ubadilishiwe. Muunganiko huo huongeza hatari ya kiharusi.

Mengine unayajua: kulala na kuamka saa zile zile hata Jumamosi, kutokaa na njaa hadi saa nane mchana kwa sababu ya vipindi, maji, chai isizidi. Hayaponyi, ila hukipunguzia king'ora visababu vya kulia.

Upo uwezekano kwamba hata baada ya haya yote, ukiwa umejaribu dawa mbili au tatu kikamilifu, kichwa kitabaki siku nane kwa mwezi. Hapo mazungumzo ya dawa mpya yanakuwa na maana, na daktari bingwa wa neva ndiye wa kuyafanya nawe. Mimi ninachokitazamia zaidi kwa ukanda wetu si sindano bali vidonge vya kizazi cha pili cha lile kundi la telkajepanti. Rimejepanti na atojepanti ni molekuli tofauti, havikuleta balaa la ini lile, havihitaji jokofu, na havionekani kuleta kile kichwa kinachotokana na kumeza dawa kupita kiasi. Bado ni ghali mno. Sumatriptani nayo ilikuwa hivyo. Utafiti pia umeshasogea: kuna kemikali nyingine, PACAP, nayo humwagwa wakati wa kipandauso, na jaribio lililochapishwa 2024 lilionyesha kwamba kingamwili ya kuizuia ilipunguza siku 6.2 kwa mwezi, dhidi ya siku 4.2 kwa waliopewa dripu tupu. Hao walikuwa watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Hiyo bado ni ya majaribio kweli, mwambie mwenzako.

Usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kama kichwa kitakuja ghafla kama mlipuko na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Kama kina homa na shingo ngumu. Ukipoteza nguvu upande mmoja, ukishindwa kusema, ukiona giza au ukizimia. Kikija baada ya kuanguka. Au wakati wa ujauzito na wiki za baada ya kujifungua. Na kwa mtu mwenye VVU, kichwa kipya kinachozidi siku hadi siku kichunguzwe haraka hata bila homa.

Kwa sasa nunua daftari dogo. Kila siku andika mambo matatu: kichwa kimeuma au la, umemeza nini na vidonge vingapi, na kama uko kwenye siku zako. Mwezi mmoja ukitimia nenda nalo hospitali ya rufaa ya Bombo, uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani, na umwonyeshe. Akiona inafaa atakupa rufaa ya Muhimbili kwa bingwa wa neva. Kaka yako akitaka kukusaidia, nauli ya Dar, malazi ya siku mbili na gharama za bingwa ni msaada mkubwa kuliko sindano kwenye sanduku. Miezi mitatu ikipita niandikie tena, na unitajie siku za kichwa na siku za vidonge kama daftari linavyosema.